Kitenge Changu cha Kaburi Kilifika Yerusalemu

Mujukuu wangu alifika Yerusalemu. Naanza na hilo, kwa sababu hapa kwenye avenue yetu kuna watu ambao mpaka leo wanasema aliishia Kigali, akajificha kwa rafiki, akarudi na picha za watu wengine. Hapana. Alifika. Nilimuona na macho yangu kwa telefone, amesimama mbele ya ukuta wa mawe makubwa, jua la kule linamuchoma, amekunja uso vile anavyoukunja tangu utoto akilamba ndimu.

Alikuwa anasoma historia hapa Bukavu, kwenye univerisite. Mimi sikusoma. Nilifika pale wanapofundisha mutoto kuandika jina lake na kufuata katekisimu na kidole, baba akasema inatosha, nikabaki kijijini Nyantende nalima maharagwe. Nilipoolewa nilishuka muji, na muji ukanipa kazi ya mugongo: kamba kwenye paji la uso, gunia nyuma, kutoka bandari mpaka kule juu Kadutu, mvua inyeshe ama isinyeshe. Mugongo huo ndio ulisomesha mama yake. Mama yake ndiye alimusomesha yeye. Kwa hiyo siku profesa wake alipomuchagua aende na wanafunzi wengine kutazama mahali patakatifu kule, kanisa, msikiti, ukuta wa Wayahudi, vyote, mimi nilicheza ngoma kwenye uwanja wa nyumba mpaka kanga ikaanguka. Ilikuwa kabla ya mambo kuharibika tena kwa vita, huku kwetu na kule kwao pia.

Sasa lazima niseme juu ya kitenge.

Kwetu, mwanamuke mwenye akili hawaachii watoto kazi ya kumutafutia nguo ya kuzikwa. Mutoto akiwa na kilio hachagui, ananunua chochote kinachoning'inia mbele ya duka. Unachagua mwenyewe, ungali na macho. Cha kwangu ni bluu, bluu ya Kivu wakati ukungu umeondoka, na ndege weupe wadogo ambao hawarudiani hovyo. Si kile kinachoacha rangi yote kwenye beseni. Kilikaa miaka kwenye valizi chini ya kitanda, na naftalini. Wifi yangu, dada ya marehemu bwana yangu, ambaye ninaishi naye nyumba moja, naye ana chake kwenye valizi yake: kahawia, maua ya njano. Kila Kwaresima tunavitoa, tunavianika, na tunachekana.

"Na hiyo kahawia," ninamwambia, "mbinguni watafikiri ni gunia la kahawa."

"Na ndege zako," anasema, "zitaruka zikuache uchi."

Kitenge kama hicho kina sheria moja. Hakibebi mutoto. Mama zetu walitufundisha hivyo: nguo iliyobeba mutoto muzima kwenye mugongo, joto lake limeingia ndani, na ukiiteremusha kaburini unateremusha na lile joto. Hakuna mwanamuke wa kwetu atafanya hivyo. Mujukuu huyu huyu alipozaliwa, mvua za Aprili, nguo zote mbichi, mama yake alitafuta cha kumubebea, akavuta valizi yangu. Nilimunyang'anya. Alilia, lakini nilimunyang'anya.

Basi. Kulikuwa na masista waliotembelea parokia yetu, na mumoja wao, aliyewahi kufika Yerusalemu, alitueleza kwamba ukiingia tu kwenye kanisa la kaburi la Bwana unakuta jiwe limelala chini, jekundu-jekundu, na watu wanasema pale ndipo walimulaza Yesu wakamupaka manukato mbele ya kumuzika. Akasema watu wanatoka mbali na nguo zao, wanazilaza juu ya jiwe, wanazisugua, wanarudi nazo kwao. Wengine ni wazee, wanaleta zile watakazozikwa nazo.

Nilikaa pale kwenye benchi, sikusikia kitu kingine alichosema. Nilijua tu kwamba kitenge changu lazima kifike.

"Koko," mujukuu akaniambia nilipokiweka mbele ya valizi yake, "kitenge chako cha kaburi? Nitembee nacho mu avioni?"

"Kitakuuma?"

"Hapana, lakini…"

"Hakuna lakini. Ukifika ukilaze chote juu ya lile jiwe. Kikishagusa, usikifue. Ata vumbi yake usipanguse. Umesikia?"

"Nimesikia, koko."

"Rudilia."

"Nikilaze. Nisikifue. Ata vumbi."

Wifi alikuwa mulangoni anachambua majani ya sombe. "Mimi Mungu atanijua na kahawia yangu bila kupita kwa jiwe," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo kitenge kilivuka Ruzizi, muto wa mupaka, bila mimi. Mimi ng'ambo ya pili nimeenda mara chache tu, kwa matanga.

Simu ya kwanza ilikuja tukiwa tunakula. Nilifikiri kwao ni usiku, kumbe jua lake na langu ni lile lile, ananionesha jua lake na mimi namuonesha langu. Nikamwambia asipoteze mega za telefone kwa kuonesha jua, anioneshe njia ya musalaba.

Mimi ile njia naijua. Kila Ijumaa Kuu tunaifanya, tunapanda mulima na musalaba wa mbao, tunapiga magoti kwenye matope. Katika kichwa changu Yerusalemu ilikuwa hivyo: mulima mutupu, vumbi, askari, akina mama wanaolia pembeni. Mujukuu akageuza telefone. Nikaona kandambili. Kandambili nyingi, zimetundikwa kwenye kamba. Nikaona mifuko ya viungo imefunguliwa midomo, watoto na mipira, mwanaume anauza juisi.

"Umepotea," nikamwambia. "Hiyo ni soko."

"Ni soko, koko, na ni njia yenyewe. Angalia kwenye ukuta, unaona ile namba? Hapa njo alianguka."

"Hapa? Mbele ya kandambili?"

"Hapa."

"Njia inapanda ama inashuka?"

Akasimama. "Inapanda. Na vidaraja vidaraja vya mawe, kama ngazi."

"Mawe yanateleza?"

"Yanateleza. Yamechakaa sana."

Mimi nimebeba mizigo ndani ya soko. Najua kupita na kitu kizito mahali watu wananunua nyanya, unapiga kelele "njia! njia!" na mutu anakuangalia kama weye ndiye umemukosea. Sikuwahi kufikiri kwamba Yesu alipita hivyo. Nilifikiri walimufungulia njia. Nikamuuliza mujukuu kama wale wauzaji wanasimama watu wanapopita na musalaba. Akasema wengine wanasogeza meza, wengine wanaendelea kupatana bei. Nikasema, njo hivyo, hiyo ni kweli kabisa, sasa naamini uko pale.

Siku zilizofuata niliuliza mpaka akachoka. Ule ukuta, watu wanaingiza nini katikati ya mawe? Karatasi, koko, maombi yao. Na karatasi zikijaa, nani anazitoa? Wanazitoa wenyewe, hawazichomi, wanazizika kama mutu. Hilo nililipenda sana. Nikaenda kumuambia jirani. Ule msikiti wa kichwa cha dhahabu, ndani kuna nini? Akasema wao hawakuruhusiwa kuingia, walizunguka nje tu, na ndani kuna mwamba. Mwamba wa nini? Wa Abrahamu, wanasema wengine. Kila dini ina jiwe lake kule. Kanisa kubwa, nani analifagia? Akacheka. Akasema afadhali ningeuliza kitu kingine, juu kufagia ndiyo inaleta vita: kuna makanisa mengi ndani ya lile moja, Wakatoliki, Waorthodoksi, Waarmenia, na kila moja lina kipande chake, na ukifagia daraja la ngazi lisilo lako wanaweza kukupiga na ufagio.

"Mapadri?"

"Mapadri, koko. Na ufunguo wa mulango mukubwa uko kwa familia za Waislamu. Tangu zamani sana. Asubuhi wanafungua, jioni wanafunga."

"Unanidanganya."

"Nife kama nadanganya! Wakristo hawapatani, ufunguo ukakaa kwa jirani."

Hapo nilimuangalia wifi, na wifi akaniangalia. Sisi wenyewe tulipogombana juu ya stoo ya makaa, ufunguo ulikaa mwaka muzima kwa jirani yetu ambaye hata hasali. Tangu siku ile sikuona Yerusalemu kuwa mbali.

Lakini kitenge? Kila simu niliuliza. Bado, koko, kanisa lenyewe tutaingia siku ya mwisho. Bado. Nikaanza kulala vibaya. Nilifikiri labda wamemunyang'anya kwenye avioni. Wifi alinisaidia: "Labda amejifunga nacho kwenda kunywa kahawa." Nikamwambia mujukuu wangu hana akili za mutu fulani ambaye ninamujua.

Siku ya mwisho ilikuja. Tulikuwa kwenye uwanja, mimi na wifi, tunachagua maharagwe kwenye lungo. Nilikuwa nimevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani, kwa ajili ya ile simu. Ikalia. Picha ilikuwa inakatika-katika, giza, taa, vichwa vya watu, halafu nikaona ngazi.

"Hii inapanda Golgota," akasema polepole, kama mutu aliye kanisani.

"Golgota iko mu nyumba?"

"Waliijengea nyumba juu yake."

"Na paa?"

"Juu ya paa kuna watu wanaishi, koko. Watawa wa Etiopia. Weusi. Vijumba vya udongo, na milango midogo, juu ya kanisa kabisa."

"Weusi kama sisi, juu ya kaburi la Yesu?" Nilisahau maharagwe. "Sababu gani wako juu?"

"Walinyang'anywa nafasi yao ya chini, zamani. Wakapanda."

Nilitaka kuuliza wanapika wapi, maji wanayapandisha namna gani, lakini wifi alinipiga kiwiko. "Kitenge," akasema. Hata yeye alikuwa anataka kuona.

"Nioneshe jiwe," nikasema.

Akalionesha. Lilikuwa kama yule sista alivyosema, limelala chini, linang'aa mafuta, na watu wamepiga magoti pande zote, wengine wameweka paji la uso juu yake.

"Koko, profesa anasema hili si lile jiwe lenyewe la kwanza. Waliliweka baadaye, la mbele liliharibika."

"Na mahali? Mahali napo walipabadilisha?"

"Mahali… batu wa shule wanabishana."

"Wabishane. Weye laza kitenge."

Picha ikageuka, nikauona uso wake, na jasho, na kwenye kifua chake fundo. Fundo la bluu. Na kwenye bega lake, nyuma, kichwa kidogo chenye nywele laini, kimelala.

"Hicho ni nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa naona.

"Ni mutoto, koko."

"Naona ni mutoto! Wa nani?"

"Wa huyu mama wa Etiopia." Akageuza telefone. Mwanamuke muembamba, amejifunika nguo nyeupe, yuko kwenye magoti, amelaza mikono yote miwili juu ya jiwe, analia bila sauti. "Alikuwa na mutoto kwa mukono, na mishumaa kwa mukono mwingine, na batu wanamusukuma. Hakuweza ata kupiga goti. Nilikuwa nimeshakitoa kitenge mu sakosi nikilaze. Nikamuinamia tu. Hatusikilizani luga, koko, lakini nilipomuonesha mugongo akaelewa. Akamuweka."

Wifi akafunga mudomo na mukono, lakini nilimuona. Mabega yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko.

"Mutoto wangu," nikasema, "umefanya nini? Hicho ni cha kaburi!"

"Najua, koko. Nitakilaza akisha kusali."

"Kimebeba mutoto! Kitenge kilichobeba mutoto hakizikwi! Hakuna aliyekufundisha?"

Hapo uso wake ukabadilika. Hakujua. Nani angemuambia? Mutoto amekulia kwenye vitabu, na mimi sheria ile nilimuambia mama yake tu, siku nilipomunyang'anya kitenge. Akabaki ananiangalia kutoka kule, macho yamejaa maji, watu wanapita nyuma yake na mishumaa.

"Basi nifanye nini?" akasema. "Nimufungue?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilifikiri haraka: labda mutoto hajakaa sana, labda joto halijaingia, kama angemufungua saa hiyo hiyo na kukilaza chote juu ya jiwe, labda ingefaa. Wifi akaacha kucheka. Alijua ninachofikiri, juu na yeye ni mwanamuke wa Nyantende.

"Mutoto iko anafanya nini?" nikauliza.

"Analala."

"Na mama?"

"Bado anasali. Ameweka ata kitambaa cha kichwa chake juu ya jiwe. Nafikiri amefiwa, koko."

Nilimuangalia yule mwanamuke kwa ile telefone ndogo. Miguu yake ilikuwa nje ya viatu, na kisigino kimepasuka kama changu. Nilijua kwamba mutoto akilia tu, atasimama. Mama hawezi kubaki kwenye magoti mutoto wake akilia. Na labda hatarudi pale tena maisha yake yote, kama mimi nisivyoweza kufika.

"Usimuamushe," nikasema. "Muache alale."

"Na kitenge?"

"Inama polepole. Kina pembe inayoning'inia?"

Kilikuwa nayo, ile ncha inayobaki chini ya fundo. Akapiga goti, mukono mumoja nyuma unashikilia matako ya mutoto, vile sisi wote tunavyofanya, na nikaona pembe ya kitenge changu inashuka, inagusa jiwe, inalowa mafuta. Ndege muweupe mumoja, labda wawili. Nilifanya alama ya musalaba. Wifi naye.

Halafu mujukuu akashituka, akatoa macho makubwa.

"Nini tena?"

"Koko… amekojoa."

Wifi alianguka kwenye mukeka. Maharagwe yote chini. Na mega zikaisha hapo hapo.

Aliporudi, nilimungojea mupakani, Ruzizi. Nilimuona anakuja na ile valizi na mikufu ya rozari shingoni kama muuzaji. Alinisalimia "asinge, koko," akanikumbatia, halafu akarudi nyuma kidogo.

"Valizi inanuka," akasema.

"Juu ya nini?"

"Ulisema nisikifue. Ata vumbi."

Kwa kweli ilinuka. Nguo zake zote, rozari, biskuti alizoletea watoto, zote zilikuwa na mikojo ya mutoto wa Etiopia na manukato ya Yerusalemu pamoja. Kwenye teksi dereva alifungua dirisha lake, halafu akafungua na letu. Nilicheka mpaka tukafika Nyawera. Mutoto aliyefundishwa kutii, ndiye huyo. Mwambie asifue, hafui.

Nyumbani nilikifua mwenyewe, kwa beseni, isipokuwa ile pembe, ambayo niliishika juu na mukono mumoja isiguse sabuni. Kikatundikwa kwenye kamba. Nilikaa chini yake kwenye kiti, nikakitazama kikipeperuka, na nilikuwa na hasira kidogo, siwezi kusema sikuwa nayo. Kitenge kimefika mbali kuliko mutu yeyote wa ukoo wetu isipokuwa yule aliyekibeba, kimegusa jiwe, na hakinifai tena kwa kazi niliyokinunulia.

Basi nikakivaa. Jumapili iliyofuata nilikivaa kwenye misa, mara ya kwanza, bluu yote nje kwenye jua. Akina mama wa shirika letu walinizunguka. Kila mumoja alitaka kunusa ile pembe. Nikawaambia nuseni, lakini mujue pande zile nyingine zina habari yake.

Hakikukaa kwangu muda murefu. Binti ya jirani alizaa, mutoto anakataa kulala, mama yake akaja kuomba "kile kitenge cha Yerusalemu." Nikampa. Kimeshabeba mutoto, kibebe. Mutoto akalala, labda kwa uchovu wake tu, lakini nani atasikia? Sasa kinazunguka avenue yote. Kinarudi nyumbani kufuliwa, na mimi ndiye ninafua, juu hakuna mwingine anayejua kuishika ile pembe. Mujukuu wangu sasa anafundisha kwenye shule ya sekondari, na wanafunzi wakimuuliza juu ya Yerusalemu anawaambia habari za ufunguo na za ngazi, lakini akifika kwenye jiwe anawaambia waje kwangu. Na wanakuja. Nami ninawauliza kama wanajua wale watawa wa juu ya paa wanapandisha maji namna gani. Hakuna anayejua. Bado nataka kujua.

Nguo ya kuzikwa sina. Kila nikienda sokoni ninaangalia, naona hii ni nyepesi, ile ina ndege wanaofanana na kuku. Siharakishi.

"Utazikwa na nini, weye?" wifi aliniuliza Kwaresima iliyopita, akiwa anaanika kahawia yake peke yake kwenye kamba.

"Na hiyo yako," nikamwambia.

Tangu siku ile ameweka kufuli kwenye valizi yake, na ufunguo ameupeleka kwa jirani.